Siku ya Kioo Kule Amani

Raskazone, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Edgar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Leticia mguu wake umeshapata nafuu tangu alipoteleza pale sokoni. Watoto nao nawaombea kheri katika masomo yao. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kifua kinanisumbua kidogo kwa huu upepo wa kusi, lakini kazini naenda. Nyumba ya mama kule Maramba haivuji tena, wapangaji ni watu wa kistaarabu, na ile migomba ya nyuma imezaa mpaka mingine tumeiwekea miti ya kuishikilia.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Wiki mbili zilizopita ulinipigia Jumatano, ukanipigia tena Ijumaa, na mara zote nilikwambia niko jikoni, wanafunzi wanasubiri chakula. Jikoni nilikuwepo kweli, ila ningeweza kutoka nje tukaongea. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza, na mimi nikikatizwa hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza. Nitaituma kwa basi la Morogoro, nitakujulisha ukaipokee stendi. Tafadhali uisome ukiwa umekaa, na uisome peke yako kwanza.

Umeniomba niseme maneno machache kwenye sherehe ya Kaka Eliudi. Umesema vijana wake wote wa zamani mmekubaliana kumuaga kwa heshima sasa kwa kuwa amekuwa mzee, ukumbi mmeshaupata hapa hapa Raskazone, na kwamba mimi ndiye msichana pekee niliyedumu kwenye kundi lile mpaka mwisho, kwa hiyo ushuhuda wangu utawagusa watu. Ukaniambia nikumbuke mazuri. Basi nimekaa nimeyakumbuka, na sitayaficha, maana yapo.

Nakumbuka alivyofika Maramba na baiskeli nyekundu na gitaa mgongoni, kijana wa Lushoto aliyeacha chuo cha uchungaji bila mtu kujua sababu. Mchungaji akampa kundi la vijana kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Sisi tulizoea kuimba kwaya na kufagia kanisa. Yeye akasema Mungu hana haja ya kwaya mbaya, akaivunja. Wazee wa usharika walinung'unika, lakini kabla hawajajua la kufanya, tulikuwa tunakimbia alfajiri, wavulana kwa wasichana, na tukirudi tunasoma kwa bidii ambayo walimu wetu hawakuwahi kuiona. Sisi wasichana alitufundisha kuendesha baiskeli wakati mama zetu wakiamini kwamba baiskeli humharibu msichana. Alitufundisha kusoma ramani, kuwasha kuni mbichi, na kutofautisha mvule na msambu kwa kunusa gome. Hata baba yetu, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge na ambaye sikumbuki kama aliwahi kumsifu mtu, alisema yule kijana anafaa. Tulimpenda. Mimi nilimpenda kuliko nilivyompenda baba, na sioni haya kuliandika hilo.

Lakini unakumbuka na namna yake, kaka. Aliamini kwamba aibu na woga ni uchafu kama uchafu mwingine, unasuguliwa unatoka. Ndiyo maana alitusukuma mtoni ili tujifunze kuogelea, akasimama ukingoni akicheka, asiruke mpaka amwone mtu amezama kweli. Ndiyo maana alitupa wale sungura. Kila mmoja wetu alipewa mtoto wa sungura amtunze, amkatie majani, ampe jina. Mwisho wa mwaka akatukusanya uani kwa mchungaji akatuambia kila mmoja amchinje wa kwake, kwa sababu anayekula nyama bila kuua ni mnafiki. Wewe ulikuwa wa kwanza kuchinja. Mimi nilichinja huku nalia, naye akanisifu kwa yote mawili, kwa kulia na kwa kuchinja.

Robert alisema wake ametoroka. Wote tulijua anadanganya. Mdogo wetu alikuwa amemwachia sungura wake kwenye mahindi ya jirani, na siku kadhaa baadaye yule mnyama alikuwa bado anakuja mpaka mlangoni kwetu kumtafuta, mpaka mbwa walipompata. Robert aliokota kilichobaki akakifukia nyuma ya choo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mitano, wewe kumi na saba. Eliudi hakumchapa. Hakuwahi kumchapa mtu yeyote, na hilo nalo wazazi walimsifia. Alimshika bega tu, akasema kwa upole kwamba tukifika Amani Robert atahitaji Kioo.

Kwenye simu ulikiita Kioo "yale mazungumzo yetu ya duara." Ngoja nikukumbushe kilivyokuwa. Mmoja anasimama katikati, wengine wanakaa wamemzunguka, na kila mmoja anamwambia ukweli wake usoni. Aliyesimama hajibu. Hainamishi macho. Wakimaliza anasema asante. Mimi nilisimama mara moja, wakaniambia nanuka kwapa na najipendekeza kwa mke wa mchungaji. Nikasema asante, nikaenda nyumbani nikaanza kujisugua makwapa kwa ndimu kila siku mpaka ngozi ikachubuka, na mama akadhani nina ugonjwa. Wewe uliposimama walikwambia ni mwoga unayejificha nyuma ya baba. Ulivumilia vizuri kuliko sote, hukupepesa, na tangu siku ile Eliudi akakufanya msaidizi wake. Ulitembea Maramba nzima kifua mbele.

Likizo ya Desemba tukaenda kambi kule milimani Amani. Tulishushwa kule chini Zigi, tukapanda kwa miguu, tukalala kwenye jumba la zamani ambalo madirisha yake yalikuwa hayafungi. Asubuhi baada ya uji, ukungu ukiwa umetufunika hata miti hatuioni, Eliudi akatupanga duara uani. Robert akasimama katikati akiwa amevaa sweta lako la bluu, kwa sababu la kwake alilisahau nyumbani. Mikono ya sweta ilimfunika vidole.

Wakaanza. Mwongo. Mwizi wa sukari. Mzito wa mbio. Anamwogopa kuku. Zamu yangu ilipofika nilisema anaongea usingizini, nikajiona nimemwonea huruma. Eliudi alikuwa na utaratibu wake kwamba ndugu wa damu aseme mwisho, kwa kuwa ukweli wa nyumbani ndio mzito. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshapita, ukabaki wewe. Ukasimama, ukasita. Eliudi akakwambia usimpe la mdomoni, mpe la moyoni.

Ukasema, "Robert si mtoto wa baba. Mama alimpata wakati baba amekwenda Kigoma kwenye msiba wa babu."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii na bado sijui uliyajua vipi. Pengine uliwasikia watu wazima. Pengine ulikuwa umehesabu mwenyewe, maana ulikuwa mkubwa. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyecheka. Robert hakuinamisha macho, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Alikutazama wewe, akaendelea kukutazama, kisha akasema asante.

Hata Eliudi aligutuka. Nilimwona. Alikuwa na tabasamu mdomoni na likabaki pale pale bila kujua liende wapi. Akachukua gitaa, akaliweka chini, akatuagiza wote tukatafute kuni. Tuliporudi Robert hakuwepo. Sweta lako lilikuwa kwenye benchi, limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani.

Kumtafuta nako unakukumbuka. Walinzi wa msitu, mayowe, Eliudi akitembea mpaka miguu ikavimba na kutoka damu kwenye viatu. Hatukumpata. Tukarudi Maramba bila yeye, na habari ikatutangulia, si ya kupotea kwake tu bali na ile nyingine, kwa sababu watoto zaidi ya ishirini hawawezi kufunga mdomo.

Na hapa nataka nikwambie jambo ambalo hukulijua. Baba alikuwa anajua. Mama mwenyewe aliniambia nilipokuwa mtu mzima. Baba alirudi kutoka Kigoma akamkuta mama na mimba, akakaa nje siku nzima, jioni akaingia akaomba chakula, na hawakulizungumza tena, na Robert alipozaliwa baba akampa jina la kaka yake aliyefariki. Alimlea. Alimbeba mabegani kwenda kwenye mpira, sisi wawili hakutubeba. Kujua hakukumshinda baba. Kilichomshinda ni watu kujua kwamba anajua. Wale wakata mkonge wenzake walimcheka kwenye foleni ya mshahara, naye akafunga mzigo wake akarudi kwao, akafia huko bila kutuandikia. Mama akaacha kwenda kanisani, kwa sababu kila benchi aliloketi watu walisogea. Wewe hakukuuliza kitu. Alikupikia, akakufulia, akakuombea ulipokwenda kidato cha tano. Ukadhani amekusamehe. Mimi nami nilidhani hivyo kwa muda.

Eliudi aliondoka Maramba mwaka uliofuata. Wewe ukaendelea kumwandikia, akakutafutia nafasi ya masomo, na umekuwa mtu mkubwa, sikatai, na kila unaposimama mbele ya watu unasema ni yeye aliyekufanya usiogope. Ni kweli alikufanya usiogope.

Sasa kaka, nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Najua umemtafuta Robert. Ulitangaza redioni. Mtu alipokwambia amemwona Mirerani kwenye machimbo ulichukua likizo ukaenda mwenyewe, ukashinda kwenye mashimo unauliza kwa picha ya shule, ukarudi umekonda na vumbi masikioni, ukalia mbele ya mama. Nilikuwepo.

Robert hakwenda Mirerani. Robert hakuvuka hata Mto Pangani.

Siku ile alishuka Amani akapakiwa na lori la chai mpaka Muheza, na kutoka Muheza akafika hapa Tanga mjini. Alilala barazani kwa fundi baiskeli mmoja kule Ngamiani, Mzee Uweso, ambaye asubuhi alimkuta, akampa chai na akampa tairi ashikilie. Mzee yule hakuwa na mtoto. Alimlea, akamfundisha kazi, akamsilimisha kwa ridhaa yake mwenyewe, na jina lake likawa Tahiri. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi akamtuma mfanyabiashara wa Maramba kwa mama, kwa siri, kumwambia yuko hai. Mama ndiye aliyenileta mimi kumwona. Robert alikuwa na kibanda chake mwenyewe, mke anaitwa Mboni, binti wa Kidigo mwenye maneno machache, na baadaye wakapata mtoto wa kike, Asmahani.

Zile safari za mama kuja Tanga kutibiwa macho, ulizokuwa unamtumia nauli, zilikuwa za kuja kwake. Mama alikuwa anaona vizuri mpaka siku aliyokufa. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Na ulipokwenda Mirerani, tulikuwa tunajua. Ulipotuaga mama alikufungia chapati za njiani. Ulipotoka mlangoni nilimwuliza kama kweli tunakuacha uende huko kote bure. Alikuwa anafuta meza. Akasema, "Mwache atembee." Hakusema kwa hasira, na ndilo lililoniogopesha.

Nilimwomba Robert, si mara moja. Kila Idi nilipokwenda kwake nilimwomba, nikimwambia ulikuwa mtoto nawe, na umeteseka. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mteja, kisha akaniuliza habari nyingine. Nilikasirika zaidi nilipogundua kwamba Eliudi anakwenda pale. Ndiyo, kaka, Eliudi huyo huyo. Alipostaafu akahamia Muheza, siku moja akaja mjini akapeleka baiskeli yake kwa fundi bila kujua ni kwa nani. Robert alimtambua kwa sauti. Alimtengenezea baiskeli mpaka akamaliza, ndipo akamwambia yeye ni Robert wa Maramba. Eliudi alikaa chini pale pale kwenye mafuta na vyuma. Aliomba radhi akilia mbele ya wapita njia, na Robert akampa. Tangu hapo mzee akawa anakuja, wanakunywa kahawa, wanazungumza baiskeli. Miaka kadhaa sasa. Kwenye simu uliniambia kwamba Eliudi kila mkizungumza anakuuliza kama umepata habari za mdogo wako. Alikuwa anaujua mlango.

Nilimwuliza Robert imekuwaje aliyewasha moto asamehewe na ndugu yake asisamehewe. Alikuwa anaziba pancha, ameshika mpira ndani ya karai la maji anatafuta povu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Eliudi alitaka ukweli, lakini hakujua upi. Edgar alikuwa nao mwingi wa kuchagua. Angesema nakojoa kitandani, nisingemchukia. Alichagua ule."

Sikumwuliza tena, ila mara moja, na mara hiyo ndiyo hii. Mwaka huu ini lilimwangusha. Alianza kuvimba tumbo, akaacha kula, tukampeleka hospitali, na madaktari walifanya wawezalo. Alipokuwa amebakiwa na ngozi, mchana mmoja Mboni alipotoka kwenda kuswali, niliinama sikioni nikamwambia, "Robert, nimwite Edgar?"

Alifungua macho akanitazama vizuri kabisa. Akasema, "Nani?"

Mpaka leo sijui kama ni homa ilikuwa imempanda au hilo ndilo alilokuwa ananijibu. Alifariki kesho yake, Ijumaa, na akazikwa jioni ile ile.

Kwa hiyo uliponipigia Ijumaa ukaniuliza zile kelele nyuma yangu ni za nini, nikakwambia ni jikoni, nilikuwa kweli jikoni, kwa Mboni, na waliokuwa wanapiga kelele ni wanawake wa msibani. Niliosha sufuria huku unanisomea orodha ya watakaozungumza kwenye sherehe.

Eliudi alikuja mazikoni. Alikwenda na wanaume mpaka makaburini, akarudi na udongo kwenye viatu, akanivuta pembeni. Aliniomba nisikwambie mpaka sherehe ipite, eti umeiandaa kwa moyo, isije ikaharibika. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Wewe nenda kwenye sherehe au usiende, umkumbatie au usimkumbatie, hilo ni lako. Mimi sitasimama kusema neno. Nikisimama nitasema la moyoni.

Nakuomba usije Ngamiani kwa sasa. Mboni yuko eda, na hata akitoka eda, jina lako analijua na mambo yako anayajua. Usitume rambirambi, atazirudisha, nami nitakuwa wa kuzibeba. Kaburi halina maandishi, ndivyo alivyotaka. Siwezi kukwambia kwamba nimeandika haya kwa wema tu. Nimechoka kukuhurumia kwa siri, na kuna siku nilifurahi kwamba mimi najua na wewe hujui. Labda ndivyo mama alivyojisikia alipokuwa anafuta ile meza.

Siku ya kuanua tanga nilikuwa nimekaa sebuleni kwao na Asmahani, namsuka. Sasa ni binti mkubwa, paji la uso ni la mama mtupu. Akaniuliza mimi na baba yake kwetu tulizaliwa wangapi.

Nilimwambia wawili.

Basi nisikuchoshe. Mpe shemeji Leticia salamu zangu nyingi, mwambie ajikande mguu kwa maji ya moto ya chumvi. Wabusu watoto, na uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akupe nguvu ya usiku wa leo na wa kesho.

Shikamoo tena, kaka.

Mimi mdogo wako,
Ritha